Karatasi ya Usingizi

Karatasi ilikuwa na mistari kumi na minne, na Bibi aliijaza yote kwa mwandiko ambao mwalimu wake wa darasa la tano angeuonyesha darasa zima. Hakuna kilichofutwa, hakuna wino uliovuja. Na katika mistari yote hiyo hapakuwa na neno moja la kweli.

Siku ya kwanza aliandika hivi. Habari njema: amelala. Amepanda kitandani saa mbili usiku. Amesinzia saa mbili na robo. Hakuamka. Asubuhi ameamka saa kumi na mbili, mchangamfu, tunamshukuru Mungu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tisa akaweka saa mbili na nusu, isije ikaonekana ananakili.

Ukweli ni kwamba mjukuu wake, msichana wa miaka saba, alikuwa halali. Si kwa ukaidi. Alipanda kitandani kama alivyoambiwa, akafumba macho kwa nguvu mpaka uso ukakunjamana, kisha miguu ikaanza. Ilikanyaga shuka chini juu, chini juu, mpaka shuka likawa kamba. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Cherehani. Jirani mmoja asiyeweza kufunga mdomo alisema, "Huyo mkimfungia mkanda atashona sare za shule nzima kabla hakujakucha." Watu walicheka, na mtoto mwenyewe alicheka kuliko wote.

Saa sita usiku hakuwa akicheka. Alitaka maji. Alitaka kujua kama sisimizi wana mito ya kulalia. Alishuka kuangalia kama viatu vyake bado vipo. Ikifika saa saba alikuwa amechoka mpaka analia, machozi yanamwingia masikioni, anasema, "Bibi, mimi nataka kulala. Usingizi ndio haunitaki."

Saa nane, saa tisa, ndipo ulipomchukua, tena kwa ghafla, kama mtu aliyesukumwa kisimani. Asubuhi ungeweza kumwosha uso, kumvalisha sare, kumfunga viatu na kumbeba mpaka mlangoni, naye asijue. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda hicho Bibi alikilalia. Chumba chao kilikuwa kimoja, godoro moja, na mguu wa mtoto ulikuwa ubavuni mwake.

Sasa, mwanamke asiyekosa sala, ambaye aliwahi kurudi njia nzima juani kurudisha sufuria ya jirani kwa kuwa alisema atairudisha siku hiyo, ilikuwaje akae mezani aandike uongo siku kumi na nne?

Karatasi ililetwa na mkwe wake, mama wa mtoto. Mkwe alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, zamu ya alfajiri. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu, na Bibi alimpenda, ingawa hakuwahi kumwambia. Siku hiyo alitoka hospitali na mtoto, akavua viatu, akaiweka karatasi mezani na kuilainisha kwa kiganja.

"Mama, daktari amesema huyu hana utundu wala hajarogwa. Ana tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Kichwa chake kina injini kubwa na breki ndogo. Amempa kidonge kimoja kila asubuhi. Sasa anataka tumwandikie jinsi anavyolala, wiki mbili. Mimi saa mbili na nusu nimeshakufa, saa tisa na nusu niko njiani kwenda tanurini. Baba yake ukimpa kalamu ataandika mstari mmoja, wa pili atachora kabati. Wewe ndiye unayelala naye. Niandikie."

"Nitaandika, mwanangu," Bibi akasema.

Usiku wa kwanza alikaa na kalamu, mtoto akikanyaga shuka nyuma yake. Akaandika "Ha", aanze "Hajalala". Mkono ukagoma. Akaigeuza ile "Ha" kuwa "Habari njema: amelala."

Kilichomgomesha mkono kilikuwa karatasi nyingine. Mwanawe wa pekee, baba yake Cherehani, alipomaliza darasa la saba alipewa barua ya mwalimu mkuu. Iliandikwa: Mvivu. Msinziaji. Mtukutu. Hafai kuendelea. Barua hiyo ilitangulia kila alikokwenda. Chuo cha ufundi kiliisoma kikamkataa. Karakana ya kwanza iliisoma ikampa ufagio badala ya msumeno. Leo alikuwa fundi seremala wa kutajwa, milango yake haiachi upenyo wa kupitisha wembe, lakini ilimchukua miaka kumi kuitoroka karatasi moja. Bibi alijifunza hapo kwamba mtu hufa, karatasi haifi. Inawekwa kwenye faili, faili lina namba, na namba inamfuata mtoto mpaka uzeeni.

Halafu kulikuwa na jambo jingine. Kila usiku Bibi alipiga magoti akamwomba Mungu ampe mtoto usingizi. Kuinuka magotini akaandika "hajalala" aliona ni kama kumwambia Mungu kwamba hakumtegemea sana. Basi akaandika kile alichokiomba. Aliandika sala, akaikabidhi kama taarifa. Wala hakuuita uongo. Aliuita kumsitiri mtoto.

Mkwe alimuuliza mara moja tu, amefunga kitambaa kichwani, anatoka: "Mama, unaandika?"

"Naandika vizuri," Bibi akajibu.

Wiki mbili zilipokwisha, mkwe hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo aliyempeleka mtoto hospitali alikuwa baba yake. Huyo kule karakana walimwita Popo, kwa kuwa akili yake ilichangamka watu wakishalala, na mchana alining'inia. "Popo, jua limetoka, nenda kajificha!" Ndivyo walivyomsalimia akichelewa, na hakukuwa na wiki aliyokosa kuchelewa. Tangu utoto hakuwahi kusinzia kabla ya saa nane. Alikuwa mtu mwema, mwenye mapenzi, na ukimtuma chumvi alirudi na misumari.

Alifika kwa daktari na bahasha mkononi. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, akauliza mtoto anaendeleaje na usingizi. Popo akasema, "Kila kitu kimeandikwa humo, daktari. Mama yangu ana mwandiko, utafurahi mwenyewe." Akamgeukia mtoto, aliyekuwa ameanza kufungua droo. Daktari akasoma mistari kumi na minne. Akasoma na barua ya mwalimu wa shule, iliyosema kwamba asubuhi mtoto ametulia kidogo lakini baada ya saa sita mchana anaharibikiwa tena. Akapiga hesabu yake ya kidaktari kama alivyofundishwa: usingizi ni mzuri, mchana ni mbaya. Akaongeza nusu kidonge saa saba mchana.

"Turudi lini?" Popo akauliza.

"Baada ya wiki sita. Usingizi ukibadilika mje mapema."

Popo alisahau sentensi hiyo ya mwisho kabla hajafika getini.

Hapo ndipo nyumba ilipoingia kwenye shimo. Zamani mtoto alilala saa nane. Sasa saa tisa ilimkuta amekaa kitako, macho makavu, akizungumza mfululizo bila kumeza mate. Chakula alikiangalia kama jiwe. Mashavu yakaingia ndani, na sketi ya sare ikawa inashuka, Bibi akaitia pini, halafu pini ya pili. Shuleni alilala juu ya daftari mpaka mate yakafuta hesabu. Mwalimu akaandika barua: Mnamfanya nini huyu mtoto usiku?

Bibi aliisoma barua hiyo peke yake mara tatu, akaikunja. Jibu la swali lile lilikuwa kwenye faili la hospitali, kwa mwandiko wake.

Alijua. Msije mkadhani hakujua. Tangu wiki ya kwanza ya nusu kidonge alijua, na kila asubuhi alisema moyoni, leo nitasema. Mkwe akirudi mchana, macho mekundu kwa moshi na unga, Bibi alifungua mdomo, kisha akasema, "Kuna maji ya moto nimekuwekea." Kesho yake tena, maji ya moto. Mkwe hakuwahi kuoga vizuri kama mwezi ule.

Popo naye alijitwisha zamu ya kukesha na mwanawe, maana hata hivyo hakuwa na usingizi wa kupoteza. Walikaa jikoni wawili, baba na mtoto, wakipanga vipande vya mbao, na baba akianza kuyumba mtoto alimwamsha kwa swali. Uchovu ukamfuata mpaka karakana. Siku moja mashine ya kuranda mbao ilimnyakua ncha ya glavu, ikaacha kidole kwa huruma ya Mungu tu. Msimamizi akaizima, akamshika bega.

"Popo, mbao nitapata nyingine. Dole gumba sitapata duka lolote. Nenda nyumbani, kalale wiki nzima."

Popo alipoisimulia nyumbani alicheka mpaka akakohoa. "Kalale! Amenipa wiki nzima nifanye kitu ambacho sijawahi kukiweza miaka thelathini na nne."

Hakuna aliyecheka naye.

Kisha ikaja alfajiri ile. Mkwe alitoka saa tisa na nusu kama kawaida. Popo alikuwa ameanguka kwa usingizi sakafuni jikoni hatimaye, kama gunia. Zamu ilikuwa ya Bibi. Alikaa ukingoni mwa kitanda ameshika kifundo cha mguu wa mtoto, ili akiinuka ajue. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, na usiku wa ishirini na kitu hajalala masaa matatu kamili. Alifumba macho aombe. Alipoyafumbua mkononi mwake kulikuwa na shuka.

Mlango ulikuwa wazi, na kigoda kimesimama chini ya komeo.

Bibi alitoka bila viatu, bila kitambaa kichwani, yeye ambaye hata kufungua dirisha alijifunika kwanza. Aliita. Hakuita jina la mtaani, aliita jina lake halisi, tena na tena, mpaka taa za majirani zikawaka. Popo akampita mbio, amevaa kiatu kimoja.

Mtoto alikuwa amemfuata mama yake. Alimpoteza penye kona, akaendelea, na alipofika barabara kubwa akavutiwa na taa za nguzoni, akasimama katikati ya lami kuzihesabu. Dereva wa gari la mikate aliona kitu cheupe mbele akadhani ni mfuko. Alipogundua mfuko una miguu alikanyaga breki mpaka trei zote zikamwagika. Alishuka akamkuta mtoto anamwambia, "Umenikosesha. Nilikuwa nimefika kumi na tisa."

Akampakia mbele akampeleka tanurini. "Mama Cherehani," alisema mlangoni, "kuna mzigo wako hapa. Karibu niufikishe kwa vipande."

Saa kumi na mbili mkwe aliingia nyumbani na mtoto mgongoni, unga umemfika viwikoni. Hakuwa amelia. Alimshusha mtoto kitandani, akasimama katikati ya chumba.

"Leo tunakwenda kwa daktari yule. Sina miadi na sitaki miadi. Alipewa karatasi. Aliona kwa macho yake kwamba mwanangu halali, siku kumi na nne, imeandikwa! Akamwongezea dawa. Nitamuuliza alisoma nini. Nikitoka kwake naingia ofisi ya malalamiko, na sitatoka mpaka jina lake liandikwe."

"Mke wangu, tulia kwanza," Popo akasema.

"Usiniambie nitulie. Mimi nasema hivi, na Mungu ananisikia. Aliyemfanyia mwanangu hivi, awe daktari, awe nani, mtoto huyu hatamgusa tena. Hatamwona!"

Bibi alikuwa ameketi pale pale ukingoni, miguu imejaa vumbi la barabara. Maneno yalimfika mdomoni. Akatazama ule uso mdogo juu ya mto, na kitu ndani yake kikasema, siku moja zaidi, nimshike siku moja zaidi. Akamvuta mtoto shuka miguuni.

Walikwenda wote wanne. Benchi la hospitali lilikuwa refu na baridi, na kila aliyekaa juu yake alikuwa na mtoto na bahasha. Cherehani alitambaa chini ya benchi kutoka mwanzo hadi mwisho, akatokea upande wa pili, akarudi. Mama mmoja akavuta miguu yake na kuguna, "Watoto wengine jamani, wamekosa mtu wa kuwakanya." Mkwe alimtazama mpaka yule mama akajikumbusha kusoma tangazo la ukutani.

Bibi alijaribu kusali. Sala haikwenda. Kila alipoanza "Ee Mungu, mwokoe mtoto," ilimjia sura ya binti yule mwenye miwani akiitwa mbele ya wakubwa wake, akitafuta kosa lake asilione. Miaka yote Bibi aliwafundisha wengine kwamba shahidi wa uongo hana pa kusimama. Kumbe shahidi huyo alikuwa yeye mwenyewe. Aliinama kwa mwanawe, akamnong'oneza, "Baba, nina neno."

"Nakusikia, Mama," Popo akasema, na kabla hajamaliza kusema alikuwa amesimama kumtoa Cherehani kwenye mashine ya maji. Aliporudi alikuwa amesahau. Mlango ukafunguka, wakaitwa.

Mkwe hakukaa. Mkoba aliushika mbele kama ngao.

"Daktari, sikuja kutibiwa. Nimekuja kuuliza. Ulipewa karatasi ya usingizi ya mtoto huyu, ndiyo au siyo?"

"Nilipewa, mama. Karibuni mkae."

"Nitasimama. Ulisoma kwamba halali?"

Daktari alikunja uso kidogo. "Niliyoisoma mimi haikusema hivyo."

"Haikusema! Unataka kuniambia mama mkwe wangu, mwanamke anayeogopa hata kuazima sindano, ameandika kitu kingine? Leo alfajiri mwanangu ameokotwa barabarani. Gari ya mikate! Gari ya kazini kwangu mwenyewe! Na wewe umekaa hapo na miwani!"

Daktari alivuta faili, akalifungua, akaanza kugeuza kurasa. Bibi aliiona kwa mbali. Aliujua mwandiko wake kama mtu anavyoujua uso wake.

"Usiisome, daktari," akasema.

Wote wakageuka.

"Iache. Mimi ndiye niliyeandika, na niliyoyaandika si kweli. Mtoto hakulala kabla ya saa nane hata usiku mmoja katika siku zile kumi na nne. Sikuongeza, sikupunguza, nilibadilisha yote. Huyu binti hana kosa. Mkwe wangu, hana kosa huyu."

Hata Cherehani, aliyekuwa anajipima urefu ukutani, aliteremsha mkono.

"Mama, unasema nini?" Popo akauliza.

Mkwe hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Zote kumi na nne?"

"Zote."

"Nilikuuliza. Nikakuuliza unaandika, ukaniambia unaandika vizuri."

"Nilikuambia."

"Kumbe ulimaanisha mwandiko."

Bibi alimgeukia mwanawe, kwa kuwa yeye pekee ndiye angeelewa, au ndivyo alivyodhani. "Nilikumbuka ile barua yako, baba. Ya mwalimu mkuu. Niliona wanaanza tena. Nikasema huyu simwachi aandikwe. Nilitaka awe na karatasi safi."

Popo aliitamka taratibu, kama anayesoma ukutani. "Mvivu. Msinziaji. Mtukutu. Hafai kuendelea." Akasugua gundi iliyokauka kwenye kucha. "Mama, ile barua haikuniua kwa sababu ilikuwa mbaya. Iliniua kwa sababu ilikuwa ya uongo. Sikuwa mvivu. Nilikuwa silali. Na wewe ulijua silali."

"Nilijua."

"Ulikuwa unanimwagia maji asubuhi."

"Nilikumwagia. Niliambiwa ndiyo dawa."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akazungumza na Popo kwa sauti ya chini. "Baba, mpaka leo unalala saa ngapi?"

"Saa nane. Tisa. Tangu nizaliwe. Muulize huyu, ndiye aliyekuwapo."

"Kusahau je? Kuanza kazi mbili tatu bila kuzimaliza? Kuchelewa?"

Popo akacheka kidogo. "Daktari, umeongea na msimamizi wangu?"

"Sijaongea na mtu. Hali hii mara nyingi hutembea kwenye ukoo, na wakubwa wengi wanayo bila kujua. Kwa wengi wao, watoto kwa wakubwa, mwili unachelewa kupokea habari kwamba usiku umeingia. Wenzao wanapopata usingizi, wao ndio kwanza wanachangamka. Si tabia, na maji ya baridi hayaitibu. Wewe pia nitakuandikia uende kwa mwenzangu wa watu wazima akupime."

Popo akamtazama mama yake, na Bibi hakuona hasira kwenye uso huo. Angeiona angepumua. Aliona mtoto wa miaka saba aliyelowa maji, amesimama ua wa nyuma, anatetemeka, anauliza amekosa nini.

Daktari aliondoa nusu kidonge cha mchana siku ile ile. Cha asubuhi akasema kitolewe mapema zaidi, mara tu mtoto anapoamka, na kuamka kuwe saa ile ile kila siku, hata siku isiyo ya shule, apelekwe nje aone mwanga. Jioni taa zipunguzwe, simu na televisheni zizimwe, mambo yaende kwa mpangilio mmoja usiobadilika. "Sitawadanganya," alisema, kisha akasita kama anayejutia neno hilo. "Haitakuwa kesho wala kesho kutwa. Huenda wiki kadhaa. Huenda tukahitaji kitu kingine. Lakini siwezi kutibu usiku ambao siuoni. Nitahitaji karatasi nyingine. Nani ataandika?"

Bibi hakuinua macho.

"Mimi," mkwe akasema, akanyoosha mkono. "Nitaamka. Nitaweka saa iniamshe kila baada ya nusu saa."

"Utaanguka tanurini, mke wangu," Popo akasema.

"Basi nianguke nikiwa najua."

Ofisi ya malalamiko waliipita, mlango wake uko wazi, karani anapiga miayo. Mkwe hakugeuza hata shingo. Njia nzima alitembea mbele amemshika mtoto mkono, na kila Cherehani alipogeuka kumpungia Bibi, mkono ulimvuta.

Jioni ile mtoto alihamishiwa chumba cha wazazi. Mkwe mwenyewe alibeba mto na shuka lake, akapita mbele ya Bibi, na mlango ukafungwa. Cherehani alilia. "Nataka kwa mke mwenzangu!" Ndivyo walivyotaniana na Bibi tangu ajue kusema. Sauti ya mkwe ikasikika, "Mke mwenzako anapumzika."

Usiku wa kwanza Bibi alilala peke yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, na hakupumzika. Ukuta ulikuwa mwembamba. Alisikia miguu. Alisikia sisimizi wakiulizwa habari zao na mkwe akijibu kwa sauti ya mtu anayezama. Mkono wake ulinyooka gizani kutafuta kifundo cha mguu ukakuta ubaridi wa shuka. Alijaribu kuomba akaona anaogopa kuomba. Aliogopa asije akageuza tena ombi kuwa habari. Akasema tu, "Hajalala, Mungu wangu. Saa saba sasa, hajalala." Ikawa ndiyo sala yake yote. Saa nane akarudia, akabadilisha saa.

Usiku wa pili vilevile. Mchana mkwe alirudi kutoka tanurini ameungua mkono wa kulia, alama ndefu ya trei. Alijipaka dawa mwenyewe. Bibi aliweka maji ya moto, akaondoka kabla hajakataliwa.

Usiku wa tatu, saa tisa na robo, mlango wa Bibi uligongwa. Alikuwa ameshakaa.

Mkwe alisimama na mtoto begani. Mtoto alikuwa macho, lakini macho mazito, kichwa kimelala shingoni mwa mama yake. Mkwe alikuwa ameshafunga kitambaa cha kazi, na mkono ulioungua ameushika mbali na mwili.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua, mwanangu."

"Baba yake amesinzia sasa hivi, sitaki kumwamsha. Hakuna mwingine. Ningekuwa na mwingine nisingekuja."

"Najua."

"Amelala saa saba na dakika arobaini. Ameamka saa nane na nusu. Akalala tena kidogo, mimi nilikuwa nimesimama, nimeona. Ameamka sasa." Alitazama saa ya ukutani. "Nikirudi nitakuuliza. Hakikisha unaniambia kilichotokea. Hata kama ni kibaya. Hasa kama ni kibaya."

"Nitakuambia."

Mkwe akamtoa mtoto begani. Ilimchukua muda kumwachia. Alisimama akisikiliza, kama aliyetaka kusema jambo jingine, halafu akageuka, na mlango wa nje ukasikika, na hatua zake barabarani, za haraka, zikipungua.

Bibi alimlaza mjukuu wake, akaketi chini sakafuni, mgongo mlangoni, ili atakayetaka kutoka ampite yeye kwanza. Cherehani alimtazama kutoka kitandani.

"Mke mwenzangu, mbona umekaa chini?"

"Nisisinzie."

"Mimi nina usingizi," mtoto akasema, "ila haujafika."

"Tuusubiri."

Miguu ikaanza. Bibi akaitazama saa ya ukutani, akaitamka kwa sauti ndogo ili aikumbuke, saa tisa na dakika ishirini na mbili, na akaendelea kutazama.